Wasifu wa Rula, Mchora Herufi na Mpiga Gitaa

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1975 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji, jengo la ghorofa moja linalotazamana na karakana ya treni. Alikuwa mtoto wa pili na kitindamimba wa baba mchora mabango na mama mshonaji wa sare za shule. Jina la Rula alipewa na wanafunzi wenzake. Lilimganda kiasi kwamba hata mama yake mzazi alilitumia, na hapa pia ndilo litakalotumika.

Baba yake aliandika majina ya maduka, vinyozi na gereji kwa brashi, bila kiolezo chochote. Rula alikua akiona ukuta mtupu ukigeuka kuwa maneno kabla ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza alipoachiwa herufi nzima peke yake, kwenye ukuta wa duka la viatu, mzee alirudi kinyumenyume mpaka katikati ya barabara, akaikodolea macho, kisha akauliza, "Hii S imekunywa nini?" Mwenye duka alicheka mpaka akashika mbavu, akasema iachwe hivyo hivyo, itamvutia wateja. Rula hakutaka kusikia. Kesho yake alirudi na kitambaa na mafuta ya taa, akaifuta, akaichora upya. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukuta ule umeshavunjwa, na mzee alitangulia mbele ya haki mwaka 1998.

Alisoma katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha mabasi kuanzia 1982 hadi 1988, kisha sekondari ya bweni hadi 1992. Huko ndiko alikopata jina lake, kwa urefu wake, kwa wembamba wake, na kwa rula ya chuma aliyotembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na kitana. Hisabati aliimudu, lugha aliipenda, kemia ilimshinda kabisa. Mwalimu wa somo hilo aliwahi kumrudishia mtihani akisema, "Majibu yako yote makosa, ila zile chupa ulizochora nimezibandika ukutani." Bwenini pia ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza muziki wa metali, ule wa magitaa mazito na sauti za kunguruma, kwenye kanda iliyokwaruzika ya mwenzake wa kitanda cha juu. Alisema baadaye kwamba alihisi kama mtu aliyekuwa akisikia kelele hiyo kichwani miaka yote, na sasa ameambiwa kuwa na wengine wanaisikia.

Kuanzia 1993 hadi 1995 alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha uchapaji na kuhitimu kwa daraja la kwanza. Katika chuo hicho alikutana na wanaume wawili waliokuwa naye mpaka mwisho, mmoja mpiga ngoma ambaye leo ni fundi wa majokofu, mwingine mpiga besi ambaye leo ni mwalimu wa hisabati. Walianzisha bendi yao ndani ya stoo ya karatasi ya chuo, kwa sababu marobota ya karatasi yalimeza sauti na mlinzi hakuwasikia. Rula alipiga gitaa na kuimba. Kuimba ni neno la adabu.

Januari 1996 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 2001 alihamia ofisi ya ubunifu iliyoko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, na kuanzia 2009 alikuwa mbunifu mkuu hapo. Kazi zake mnazo majumbani bila kujua. Pakiti ya chumvi yenye ukanda wa buluu ni yake. Maelezo ya dawa ya kikohozi, yale ambayo mtu anaweza kuyasoma akiwa na homa na taa hafifu, ni yake. Vibao vyote vya hospitali ya mji, vinavyomwonyesha mgonjwa aliyechanganyikiwa njia ya kwenda maabara, wodini na mlango wa kutokea, alivichora yeye mwaka 2012, baada ya kukaa kwenye benchi la mapokezi wiki nzima akiwatazama watu wakipotea.

Mchana alilipwa ili kila mtu asome, hata aliyesahau miwani nyumbani. Jumamosi alichora nembo na majalada ya bendi, ambayo hata wenzake wa bendi hawakuweza kuyasoma. Herufi zilisokotana kama mizizi ya mti uliong'olewa, na alizichora kwa kalamu ya wino, mkono mtupu, mwiba baada ya mwiba. Watu walimuuliza atawezaje kuwa mtu mmoja katika kazi mbili zinazopigana namna ile. Yeye hakuona ugomvi wowote. Huwezi kuivuruga herufi vizuri, alisema, kama hujui inavyosimama.

Alikuwa na desturi ya kugeuza kila kazi juu chini kabla ya kuipitisha. Ukilisoma neno, alieleza, unaacha kuliona. Ligeuze, ndipo utaona pengo lililozidi. Desturi hiyo ilimponza mwaka 2006. Kiwanda kilimletea fulana ya mfano ya bendi, nayo nembo ilikuwa imechapwa kichwa chini, kwa kuwa mchapaji hakuweza kujua upande upi ni juu. Rula, aliyezoea kuzitazama kazi zake kichwa chini, aliiona iko sawasawa kabisa, akasaini. Fulana zote zikachapwa. Bendi ikazivaa jukwaani, mashabiki wakazinunua, hakuna aliyetikisa hata ukope. Miezi ikapita. Siku moja mama yake alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa, akaisimamisha moja mbele ya dirisha.

"Baba, hili dude lako limesimama kwa kichwa."

"Mama, wewe unalisomaje?"

"Silisomi. Lakini nimeshona nembo za shule kwenye mashati miaka arobaini. Najua miguu iko wapi."

Mpiga ngoma alipoambiwa, alisema warudishiwe hela zao wote walioweza kuisoma. Rula aliivaa fulana hiyo kwa ukaidi mpaka ikachanika kwapani.

Alikutana na mke wake mwaka 1999 pale kiwandani. Binti huyo alikuwa amepeleka tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika historia ili ifungwe jalada gumu, na Rula ndiye aliyekuwa zamuni.

"Dada, hii rangi nani kakuchagulia?"

"Nimeichagua mimi."

"Pole."

Alishtakiwa kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Adhabu aliyojipa ilikuwa kulichora jalada upya bila malipo, na binti akalipokea bila asante, kwa kuwa lilikuwa zuri mno kurudisha. Miezi michache baadaye alikubali kwenda kumwona jukwaani. Alikaa mstari wa mbele, shati la kola, mkoba magotini na pamba masikioni. Onyesho lilipokwisha Rula alishuka akiwa amelowa jasho, akamuuliza, "Umeonaje?"

"Sijasikia neno hata moja."

"Hata mimi," akajibu.

Walifunga ndoa tarehe 2 Disemba 2000. Mwenyezi Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2004. Rula alikuwa mume asiyechelewa kurudi, asiyekunywa pombe, na aliyezifunga nywele zake ndefu kwa mpira wa ofisini, ule wa kufungia karatasi. Nyimbo zake zilihusu baba aliyekufa na brashi mkononi, wodi za hospitali, na mji ambao treni zimeacha kusimama. Hakuna wimbo wake uliomwabudu shetani, wala kitu kingine chochote. Mwenye mashaka anaweza kumwomba mpiga besi maneno yaliyoandikwa, kwa maana kwa kusikiliza hatayapata.

Bendi ilitoa rekodi nne. Katika zote, kila sauti ya gitaa na kila mstari wa jalada ulitoka mikononi mwa Rula. Hilo ndilo alilojivunia kuliko cheo cha ofisini na kuliko makofi: kwamba katika magitaa na majalada yale hapakuwa na mkono wa mtu mwingine. Januari 2020 walianza ya tano.

Mwezi Machi, wakiwa mazoezini kwa mpiga ngoma, kati ya majokofu yaliyokuwa yakisubiri vipuri, kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kiliteleza kwenye uzi. Wakacheka, wakasema uzee umebisha hodi. Wiki iliyofuata kikateleza tena. Tarehe 6 Julai 2020 daktari bingwa alithibitisha kuwa ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Misuli hunyauka mmoja baada ya mwingine, akili ikibaki nzima na kushuhudia yote. Hauna tiba. Hausababishwi na muziki, wala na kelele, wala na kitu chochote alichokifanya. Mtaani lilisemwa jingine. Kwa kinyozi, na hata katika kikao kimoja cha ndugu, ilisemwa kwamba aliyempa ile mikono amekuja kuichukua. Waliosema hivyo wamo hapa leo, na wamekaribishwa kama wageni wengine.

Ugonjwa ulianzia mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Rula akaona kwamba ana muda mfupi wa kurekodi gitaa, na muda mrefu kidogo wa kuchora jalada kwa mkono wa kulia. Akaanza na gitaa. Nyimbo zote zikakamilika isipokuwa mmoja, ambao alikuwa ameutunga uwe wa kasi kuliko zote walizowahi kupiga. Kila Jumamosi waliujaribu, na kila Jumamosi vidole vilikuwa vimepoteza kitu. Ndipo mpiga ngoma alipoanza kuupunguza mwendo kimyakimya. Alipunguza kidogo tu, kiasi ambacho sikio la kawaida lisingegundua. Wiki iliyofuata akapunguza tena.

"Umepunguza," Rula akasema siku moja, bila kuinua kichwa.

"Sijagusa kitu, Rula. Kile kidude cha kuhesabia mapigo, betri zake zimechoka."

"Kidude hakina betri. Kimechomekwa ukutani."

Fundi wa majokofu akautazama waya, akautazama ukuta. "Basi umeme umechoka."

Walicheka mpaka Rula akaomba ashikiwe gitaa lisidondoke. Kisha mwalimu wa hisabati akatoka nje, akakaa huko, na waliobaki ndani hawakuulizana kaenda kufanya nini. Waliendelea hivyo hadi Novemba. Wimbo uliotungwa ukimbie kama mbwa aliyekata mnyororo ulikuwa sasa unakwenda kama mtu anayevuka barabara kwa mkongojo. Tarehe 14 Novemba walirekodi, na katikati ya mstari wa pili wa kiitikio mkono wa kushoto ulifunguka ukabaki wazi juu ya nyuzi. Haukujifunga tena.

Jalada alilifanyia kazi mezani jikoni mwaka mzima wa 2021, karatasi ikiwa imebanwa kwa vitabu vya historia vya mkewe. Kufikia Oktoba kalamu ilikuwa ikifungwa kwenye vidole vyake kwa utepe. Kona ya chini upande wa kulia haikufikiwa.

Ofisini hali ilikuwa tofauti. Mkono wa kulia ulipokwisha, alikaa kando ya mwenzake wa meza ya pili, mama mtu mzima aliyefanya naye kazi tangu mwaka 2001, akamwelekeza kwa mdomo. "Kushoto. Kushoto kidogo. Umepita. Rudi. Hapo, usipumue." Mama huyo amesema kwamba alijifunza kuchora zaidi katika miezi ile kuliko miaka yote kabla yake, na kwamba alikuwa akienda kulia chooni kila siku saa ya chai. Kazi nyingi zilitoka kwa njia hiyo, nzuri zote. Wenzake wa bendi waliposikia wakapata tumaini.

"Mbona kazini unamwachia mama akushikie kipanya?" mpiga ngoma akamuuliza. "Tumtafute kijana apige zile sehemu. Wewe utamwelekeza hivyo hivyo."

Sauti ya Rula wakati huo ilikuwa imeanza kuburuta. "Ile ni kazi. Pakiti ya chumvi haijui nani kaichora."

"Na hii?"

"Hii inajua."

Aliacha kazi rasmi tarehe 31 Machi 2022. Sauti ilikatika mwezi Septemba mwaka huo. Kwa kuwa alikuwa ameliona hilo likija, alikuwa ameelekeza mapema kutengenezwa kwa ubao wa plastiki angavu wenye herufi kubwa. Mtu alikaa upande wa pili, akafuata macho yake, akataja herufi anayoitazama, naye akiitikia kwa kutazama juu. Kuchagua aina ya herufi kulichukua wiki nzima, wakati kumeza maji kulikuwa tayari kumemshinda. Binti yake ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi wa kuusoma. Mkewe alikuwa na haraka ya kukisia neno kabla halijakamilika, na kwa kosa hilo Rula alimfumbia macho mara nyingi, ili aanze upya.

Aprili 2023 mpiga ngoma alikuja nyumbani kuuliza mara ya mwisho. Alikaa kwenye kiti cha chini, kofia magotini, akasema rekodi imekaa kabatini mwaka wa tatu, watu wanaiulizia, na palipobaki ni padogo. Tukimpata mtu akamalizia wimbo, na mwingine akafunga ile kona ya jalada, itatoka wewe ukiwa hai uione. Unasemaje, ndugu yangu? Mkewe akainua ubao. Macho yakaenda kwenye H. Yakaenda kwenye A. Yakaenda kwenye P.

"Nimeelewa, Rula," mpiga ngoma akasema. "Inatosha. Pumzika."

Hakupumzika. Alikuwa na macho mekundu, machozi yakimchuruzika kwa kukosa nguvu ya kupepesa, lakini alikwenda kwenye A ya pili, akaitafuta N, akaipoteza, akaipata, akamalizia na A ya mwisho. Jua lilikuwa limeshahama ukutani. Mpiga ngoma alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Tarehe 8 Agosti 2023 alilazwa kwa shida ya kupumua. Akiwa anasukumwa kwenye korido kuelekea wodini, macho yalianza kuhangaika, na mkewe akaomba kitanda kisimamishwe ili ainue ubao.

"Anasemaje, mama?" muuguzi akauliza.

"Anasema kibao chenu kimepinda."

"Kibao kipi?"

"Hicho kilicho juu yako. Alikichora yeye."

Muuguzi alitazama juu, akamtazama mgonjwa, akavuta kiti akakipanda na kukinyoosha kibao. Hicho ndicho kitu cha mwisho kilichonyooshwa kwa ajili yake. Mengine yote yalikwenda upande. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, mkewe akiwa amemshika mkono ambao haukuweza kushika.

Juzi, wakati wa kupanga maziko haya, kaka yake alimwambia mjane, "Shemeji, la bendi tuliache. Watu watasema." Mjane akamjibu kwamba watu wanasema tayari, na kwamba mtu hazikwi nusu. Kaka akaomba angalau sauti iwe ya wastani. Amekubaliwa, kwa heshima ya ukubwa wake, ingawa marehemu asingemkubalia. Jioni ya siku hiyo mpiga ngoma alifika naye akiwa na ombi. Ruhusa ya mwenye kazi haipo tena, alisema, lakini ya shemeji ipo. Akikubali, rekodi itamaliziwa. Asipokubali, mambo ya Rula yataishia kabatini kwangu, na baada yangu nani atajua kuwa yalikuwapo? Swali hilo ni la haki, na bado liko mezani. Mjane alimwambia tu kwamba neno lile lilichukua mchana mzima kuandikwa, na yeye hawezi kulifuta. Kwa hiyo rekodi ya tano haitatoka.

Marehemu ameacha mama mzazi, ambaye macho yake hayamruhusu tena kutunga uzi sindanoni, mke, binti mmoja, anayesomea udaktari, kaka mmoja na shemeji wa kike, wapwa wa upande wa mke, wenzake wa ofisi ya ghorofa ya tatu, na wanaume wawili wa bendi, ambao familia inawahesabu kuwa ndugu, nao watabeba jeneza upande wa mbele. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi namba sita, na mama wa meza ya pili, ambaye ndiye aliyeupanga ukurasa huu kwenye ratiba ya maziko.

Baada ya wasifu huu mpiga ngoma atawasha mashine, na mtasikia wimbo ule wa mwisho, kwa mwendo ule wa mkongojo, mpaka ulipofika. Gitaa litakatika katikati ya mstari, ngoma na besi zitaendelea zenyewe kidogo, kisha nazo zitanyamaza. Mashine haitakuwa imeharibika. Tunaomba mtu asiinuke kwenda kuigusa, na asiwepo wa kupiga makofi. Ni hapo mkono ulipofikia. Mungu ampokee kama alivyo, na amjalie pumziko.